Babu alivyolisoma jahazi kwenye picha

Nilikua nimemaliza fomu foo niko tu nyumbani Langoni, mjini Lamu, ndio nikagundua kuna chuo kikuu Marekani, Northwestern, kule Evanston karibu na Chicago, maktaba yao ya Herskovits imeweka picha za kale za Afrika Mashariki zaidi ya 7,000, za kuanzia 1860 mpaka 1960, zilikusanywa na Mwingereza mmoja Humphrey Winterton, chuo kikazinunua 2002 na kuzitia kwenye intaneti kila mtu azione bure. Kuna za akina Gomes na Coutinho, wale Wagoa waliokua na studio zao Unguja.

Babu mzaa mama alikua fundi wa majahazi kijijini Matondoni. Nikaazima laptopu nikampelekea barazani baada ya alasiri.

Za wazungu na bunduki zao hakuzitaka, pitisha pitisha, basi. Mpaka ikatokea ya bandari, vyombo vimejaa, chini pameandikwa Unguja tu na hakuna zaidi. Akasema ngoja. Akavua miwani akaipangusa na kikoi akavaa tena, kisha akaweka kidole kwenye skrini.

"Yahazi hili la kwetu. La Amu hili."

Amu ndio Lamu. Nikamwambia babu, mbona pameandikwa Unguja.

"Najua ni Unguja, mwanangu, hiyo pwani yake siioni? Tizama omo, hapo mbele ya chombo. Limesimama wima. La Unguja omo lake hulala mbele."

Nikaikuza picha, na kweli wallahi, vyombo vya pembeni omo zimelala na hili moja limesimama kama ukuta. Akanionyesha na ubavuni, yale makuti yaliyosukwa kuzuia maji chombo kikishiba mzigo. Halafu akasema limeteremka na upepo wa kaskazi kupeleka boriti, ile miti ya mikoko ya kujengea, na foromali, ule mti unaoshika tanga, imeshushwa kwa hiyo mabaharia wako mjini huko wanangoja upepo wa kusi warudi kwao. Yaani mpiga picha alikua anapiga bandari, babu akatoa humo safari nzima na msimu wake!

Kwenye boriti akakaa kimya kidogo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje 1982 na majahazi mengi makubwa yakakosa kazi, yeye mwenyewe aliyaona yakiozea ufuoni na mengine alikua ameyachonga kwa tezo yake. Nilitamani wale wa maktaba wawe wamekaa pale barazani wamsikie, maana picha wameitunza vizuri sana, hilo nawashukuru kwa dhati, ila mtu wa kuisoma alikua Lamu.

Usiku huohuo nikaandika barua pepe ya kwenda Evanston, nikatia yote, omo, makuti, foromali, boriti, na jina la babu kamili na kijiji chake, nilitaka ijulikane nani kasema.