Radi usoni, raizoni miguuni

Usiku huu nimekaa na picha moja tu, jalada la albamu ya Aladdin Sane ya 1973, enzi ya glam rock, muziki wa wasanii waliopanda jukwaani na vipodozi na mavazi ya kumetameta. Mwimbaji wa Uingereza David Bowie kafumba macho, radi nyekundu na buluu imempasua uso. Brian Duffy ndiye aliyepiga picha, na Pierre Laroche akamremba uso. Tazama kilichoachwa: mabega wazi, kifua bapa cha kiume. Rangi ni ya kike kwa mazoea yetu, mwili haukufichwa, na macho yako yanahangaika katikati. Mchezo wenyewe ndio huo, nami naupenda kwa moyo wote.

Anayetaka kuichora radi hiyo usoni mwake aanze na nyusi. Bowie alizinyoa, wewe zilaze kwa gundi ya kijiti isiyo na sumu, tabaka tatu nyembamba, kila tabaka likauke, kisha poda. Fumba jicho la kulia kabla ya kuchora, maana likiwa wazi mkunjo wa kope utaivunja radi vipande viwili. Chora mstari wa kuizunguka radi kwa penseli ya nyusi, kutoka kwenye nywele, ukivuka kope, hadi shavuni. Buluu itangulie, ukanda mwembamba pembeni, uikaushe kwa poda. Nyekundu ije mwisho, ing'ae bila poda. Ukizikutanisha mbichi, utapata zambarau ya tope. Na usome kibandiko: nyekundu nyingine ni za mdomo tu, hazifai karibu na jicho.

Marc Bolan, mwimbaji wa bendi ya T. Rex, alihitaji urembo mchache kuliko huo. Machi 1971, kwenye Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, glita, yaani chembe za kumetameta, chini ya macho ilitosha kuwasha moto Uingereza nzima. Tumia glita ya vipodozi, juu ya tone la vaselini. Ile ya kazi za shuleni ina kingo kali zinazokwaruza mboni. Kuitoa, bandua kwanza kwa selotepu, halafu mafuta.

Viatu ni vile vya soli nene na kisigino kirefu, ambavyo wazee wetu wa bugaluu, suruali pana chini, waliita raizoni. Kisigino cha sentimita 9 kikiwa na soli ya 4 mbele, mguu unapanda 5 tu. Lakini soli haikunjiki, kwa hiyo inua goti. Ukiburuta, ncha inanasa na unaanguka kifudifudi.

Suzi Quatro, mwanamke mpiga besi na mwimbaji, aliugeuza mchezo kutoka upande wake: ovaroli la ngozi, zipu mbele, gitaa la besi kiunoni. Hakuhitaji hata chembe ya glita.