Nilivyopeleka ombi la neno moja mpaka Kamati ya Bajeti Dodoma

Mi natengeneza bia ya mtama hapa Tabata Segerea, godauni dogo nyuma ya gereji, tenki mbili za lita 500 kila moja, vibarua watatu na mimi mwenyewe. Watu wananiulizaga niliingiaje kwenye mambo ya sheria na Bunge wakati mi ni mtu wa maabara tu. Niliingia kwa hasira ya friji.

Baa moja Sinza walipenda sana bia yangu, wateja wanaiulizia kabisa, nikapeleka kreti sita, baada ya wiki narudi nakuta kreti zangu ziko stoo kwenye joto na chupa mbili zishaanza kupasuka. Meneja akaniambia dada samahani, friji sio langu, ni la kampuni ya bia, na wakipita wakikuta chupa ya mtu mwingine humo wanalibeba. Ndo ilivyo baa nyingi za mjini hapa, friji, miavuli, mpaka rangi ya ukuta vimetoka kwa kampuni kubwa. Nililia siku ile sio siri, ule mtama niliuotesha kimea mwenyewe, yaani kuulowesha mpaka uchipue, siku nne nageuzageuza kwenye magunia usiku na mchana, halafu unaharibika stoo.

Nikaanza kusoma sasa. Sheria ya vileo tunayotumia ni ya mwaka 1968, na ukisoma unaona kabisa waliiandika wakifikiria kiwanda kikubwa upande mmoja na pombe za kienyeji upande wa pili, mtu wa katikati kama mimi hayupo. Ukienda TBS, wale wa viwango, wewe ni kiwanda, ukienda TRA, wale wa kodi, wewe ni kiwanda, na tangu tarehe 15 Januari 2019 kila chupa lazima iwe na stempu ya kielektroniki. Stempu sina ugomvi nayo, inamlinda mteja asiuziwe feki, ila mzigo wa makaratasi wa mtu wa lita 3,000 kwa mwezi na wa mtu wa mamilioni unakuwa uleule.

Halafu ikaja bajeti ya tarehe 10 Juni 2021. Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba anasoma, mi nasikiliza redio huku naosha tenki, nasikia ushuru wa bidhaa kwa bia ya shayiri iliyolimwa na kuoteshwa kimea hapahapa nchini unashuka kutoka shilingi 765 mpaka 620 kwa lita. Niliruka! Jioni nikautafuta muswada wenyewe nikasoma kwa makini, ni shayiri. Ilikuwepo pia nafuu ya zamani ya nafaka za ndani zisizooteshwa kimea, na mi mtama wangu nauotesha, ndo ladha yenyewe inapotoka, kwa hiyo huku sipo na kule sipo, nabaki kwenye 765. Piga hesabu, tofauti ya shilingi 145 kwa lita, mi kwa mwaka natoa kama lita 36,000, hiyo ni shilingi 5,220,000. Kwangu huo ni mshahara wa kijana mmoja mwaka mzima.

Mwaka ule niliandika barua kwa pupa ikachelewa. Kitu ambacho sikukijua ni jinsi muda ulivyo mfupi, bajeti inasomwa katikati ya Juni, Kamati ya Bajeti ya Bunge inaita wadau watoe maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, na tarehe 1 Julai sheria inaanza kazi. Ukianza kuandika siku tangazo linapotoka umeshachelewa, barua inatakiwa iwe imelala kwenye droo tangu Aprili.

Barua yenyewe nayo ilikuwa mbaya, imejaa mifano ya nje. Nilimpelekea mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa serikali, akavaa miwani akasoma zote kurasa tatu kimya, halafu akasema, "Mwanangu, habari za Wazungu kurasa mbili na nusu, ombi lako mistari miwili. Unaomba nini?" Nikaanza kueleza friji, stempu, leseni, ushuru, akanikatisha. "Chagua moja. Unayoweza kuisema kabla chai haijapoa."

Nikakaa na hilo wiki nzima. Friji ni kitu kinachoniuma zaidi lakini ni mambo ya mikataba na ushindani, ile kesi inataka mawakili na miaka. Sheria ya 1968 kuibadilisha ni mlima. Ila ushuru unafunguliwa kila mwaka mwezi wa sita. Kwa hiyo ombi likawa neno moja, pale palipoandikwa shayiri paongezwe mtama.

2022 sikuwa peke yangu, tulikuwa wazalishaji sita, wa mvinyo wa rosela, wa ndizi, na wengine wawili wa bia, tukachanga nauli. Na tukampata mkulima wa Kongwa anayetuuzia mtama, huyu mama ndo aliyetubeba, nitasema mbele. Treni ya SGR ilikuwa bado, tukapanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, barua nimeifunga kwenye kanga isikunjike.

Kwenye kikao tulipewa dakika saba. Nilikuwa nimebakiza mstari mmoja wa Marekani licha ya mzee kunikataza, kwamba tangu 2018 watengenezaji wadogo kule wanalipa dola 3.50 badala ya 7 kwa kila pipa, kwa mapipa 60,000 ya kwanza. Mheshimiwa mmoja akauliza hayo mapipa ni lita ngapi. Nikahesabu palepale, kama milioni saba. Akasema basi huyo mdogo wa kwao kwetu ni mkubwa. Na alikuwa sahihi, dakika nzima ikaenda hapo.

Kilichotuokoa ni Kenya. Kule 2013 waliweka ushuru wa asilimia 50 kwenye Senator, ile bia ya mtama ya keg, yaani ya pipa, mauzo yakaporomoka vibaya, wakulima wakabaki na mtama hauna mnunuzi, 2015 ikabidi warudishe nafuu. Hapo waheshimiwa wakaanza kuandika. Halafu mama wa Kongwa akasimama, shikamooni waheshimiwa, akaeleza mvua za kwao zilivyo, mahindi yanakauka mtama unabaki umesimama, ila ukishavuna mnunuzi wa uhakika hakuna. Alitumia dakika mbili tu.

Swali gumu lilikuwa la mwisho, je mnataka pombe iwe rahisi watu walewe? Nilijibu kutoka moyoni kwa sababu baba yangu mdogo alikufa kwa gongo. Nikasema viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 mi nilishukuru Mungu, sitaki virudi kwa jina lingine, na kwenye barua yetu tumeandika wenyewe kwamba nafuu iwe kwa bia ya chupa ya glasi au keg tu, kiwango cha kilevi kisizidi asilimia 5, na anayeuzia watoto anyang'anywe. Walitingisha vichwa kukubali.

Sheria ilipopita nikafungua ukurasa wa ushuru wa bia. Mtama haukuwepo pale tulipouomba. Nilikaa nje ya godauni mpaka magharibi.

Ila kuna mtaalamu mmoja alinifuata koridoni siku ile ile Dodoma akaomba jedwali letu la lita na bei ya mtama kwa gunia, na Hazina walipoanza kukusanya mapendekezo ya kodi ya mwaka uliofuata tulipata barua ya kuitwa, yenye majina yetu sita. Na kwa kuwa tulishazoea kuchanga, tukanunua friji nne zetu wenyewe, moja iko kwenye ile baa ya Sinza, karibu na kaunta, bia ya mtama juu, rosela chini. Meneja funguo anakaa nayo yeye.

Jedwali la safari hii tumeweka na mama wa Kongwa na majirani zake, magunia waliyovuna na waliyouza. Barua iko kwenye droo tangu Aprili.