Sifuri ya Kiwanja cha Saba

Kiwanja cha saba nilikiandikia sifuri. Niliandika nimesimama, masizi yamenifika magotini, jua la utosi linaniunguza kwa sababu msituni hapakuwa tena na jani la kulikinga. Moto ulikuwa umepita majuma matatu nyuma. Sisi wanafunzi tulipewa fremu za mbao, mita moja kila upande, tuzilaze chini na kuhesabu kila mmea ulio hai ndani yake. Kazi ya dakika moja, nikajiambia. Majivu utayahesabuje?

Mwalimu wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliitazama karatasi yangu.

“Umepiga magoti?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Basi hujahesabu.”

Nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole. Juu palikuwa na majivu mepesi kama unga, chini yake tabaka jeusi, halafu, kina cha vidole vitatu hivi, udongo wa rangi yake ya kawaida. Wa baridi! Mizizi ilikuwemo, na nilipoikwaruza kwa ukucha ikaonyesha weupe mbichi. Joto la moto hupanda juu zaidi kuliko linavyozama, na udongo haulipitishi upesi. Kando ya kisiki nikaona machipukizi matatu mekundu, madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. La nne lilikuwa chini ya kiatu changu.

Fremu ya mwenzangu iliangukia mahali ambapo gogo zima lilikuwa limelala likiungua taratibu mpaka likaisha. Udongo wa hapo ulikuwa mwekundu kama tofali, na hata tulipochimba hatukupata mzizi. Ile ndiyo ilikuwa sifuri. Hatua chache mbele, trekta la kuburuta magogo yaliyoungua lilikuwa limepita: ardhi imeshindiliwa, maji yametuama kwenye alama za magurudumu, machipukizi yamepondwa. Nakiri trekta lile liliniudhi kuliko moto wenyewe.

Jioni Mwalimu alitusimulia habari za mlima St. Helens wa Marekani, uliolipuka tarehe 18 Mei 1980. Kuna panya wachimbaji walionusurika mashimoni mwao, kisha wakawa wanapandisha udongo wa zamani juu ya majivu, na mbegu zikapata pa kushika. Lakini kwenye uwanda uliofunikwa kabisa na mawe ya volkano, hapakuwa na mzizi wala mbegu ya kungojea. Huko mmea wa mwanzo kabisa ulikuwa lupini, jamaa ya maharage, ambao bakteria wa mizizini mwake huivuta naitrojeni kutoka hewani. Nikamuuliza kama msitu hurudi ulivyokuwa. Akacheka. “Urudi ulivyokuwa lini?”

Usiku nikaitoa karatasi. Nikafuta sifuri, nikaandika 3. Nikakaa nayo kidogo, kisha pembeni nikaongeza kwa herufi ndogo: la nne nimelikanyaga.