Dramu zilizonipitisha kituo

Jana magharibi nilipanda matatu ya Mtwapa pale Buxton, nikakaa nyuma kabisa, juu ya spika. Kwenye daraja la Nyali besi ikanyamaza, zikabaki dramu peke yake, zinakatika na kurudi mbio. Kioo kilitetemeka. Nikaweka kiganja pale nizisikie kwa mkono.

Wallahi nilizitambua papo hapo! Ni zile sekunde chache alizopiga Gregory Coleman, mpiga dramu wa bendi ya Marekani The Winstons, mwaka 1969, ndani ya wimbo “Amen, Brother”. Tuliokulia chakacha za harusini tunaijua raha ya mwimbaji kunyamaza, ngoma ikaachwa iseme. DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, aliiona raha hiyo mtaani Bronx, New York, mwaka 1973: akachukua sahani mbili za santuri za wimbo mmoja, akawa anakirudia kipande cha dramu tu, watu wacheze bila kukatizwa. Hip-hop ikaanzia humo. Miaka ya 1990 Waingereza wakaziongeza kasi dramu za Coleman, ikawa jango (jungle), muziki wa dansi wa mbio.

Coleman alifariki 2006 bila kulipwa mrabaha wa dramu zile. Hilo linaniuma sana.

Bombolulu nilipitiliza. Nilishuka Bamburi, kiganja bado kinawashawasha.