Jinsi nilivyopima vumbi la anga ndani ya maabara

Vumbi lililotapakaa baina ya nyota ni takribani asilimia 1 tu ya uzito wa mata iliyoko huko, na sehemu kubwa iliyobaki ni gesi. Tunalijua zaidi kutokana na nuru linayoifyonza na joto linalolitoa. Utafiti niliokabidhiwa ulinitaka nitengeneze chembe za silikati (madini yenye silikoni na oksijeni) zinazofanana na hizo, nizipime kwa spektroskopia ya infraredi, yaani kupima ni mawimbi gani ya nuru isiyoonekana ya joto ambayo chembe hufyonza, kisha nitoe spektra, yaani grafu za ufyonzaji huo, ambazo mwanaastronomia angeweza kuziweka kando ya vipimo vya darubini bila wasiwasi. Kutengeneza chembe kulikuwa na taabu zake, lakini muda mwingi zaidi uliishia katika swali ambalo vitabu vya utangulizi hulipitia kwa sentensi moja: je, kilele ninachokiona kwenye grafu ni cha chembe yenyewe, au ni cha namna nilivyoishika chembe hiyo ili niipime?

Silikati za angani hujitambulisha kwa kanda mbili pana za ufyonzaji, moja karibu na urefu wa wimbi wa mikrometa 9.7 (mikrometa ni sehemu ya elfu ya milimita), inayotokana na kunyumbuka kwa vifungo vya silikoni na oksijeni, na nyingine karibu na mikrometa 18, inayotokana na kupinda kwa vifungo hivyohivyo. Upana wake na ulaini wake huonyesha kwamba atomu hazikujipanga kwa utaratibu, yaani mata hiyo ni amofasi. Hata hivyo, darubini ya angani ya ISO, iliyorushwa mwaka 1995, ilipoielekea nyotamkia Hale-Bopp, ilionyesha vilele vyembamba vya forsteriti, ambayo ni silikati ya magnesi iliyokwisha kuwa fuwele. Fuwele hiyo huhitaji joto kali ili itokee, ilhali nyotamkia ni mwili wa baridi na barafu. Chembe za nyotamkia Wild 2 zilizoletwa duniani na chombo cha Stardust mwaka 2006 nazo zilikuwa na madini yaliyoumbwa katika joto kubwa. Kwa hiyo kujua ni kwa joto gani, na kwa hatua zipi, amofasi hugeuka fuwele ni kujua kitu kuhusu safari ya vumbi hilo, na jambo hilo linaweza kufuatiliwa katika tanuri la kawaida la maabara.

Nilichagua njia ya jeli. Kuyeyusha mchanganyiko na kuupoza ghafla hutoa kioo kizuri kwa silikati nyingi, lakini kiyeyusho chenye uwiano wa forsteriti, atomu mbili za magnesi kwa moja ya silikoni, huganda kuwa fuwele upesi mno kabla ya kupoa. Kuvukiza madini kwa leza hutoa moshi wa chembe ndogo sana ambao pengine uko karibu zaidi na kile kinachotokea kwenye pepo za nyota kongwe, ila kiasi kinachopatikana ni kidogo, nami nilihitaji unga wa kutosha kugawa katika mafungu mengi. Nilichanganya tetraetoksisilani, inayotoa silikoni, na metoksidi ya magnesi, inayotoa magnesi, ndani ya methanoli, nikaongeza maji tone kwa tone hadi jeli ikashika, nikaikausha, kisha nikaipasha moto ili kuondoa mabaki ya kaboni. Kasoro ya njia hii ni maji: vikundi vya hidroksili hung'ang'ania ndani ya jeli na kujitokeza karibu na mikrometa 3, na maji yenyewe karibu na mikrometa 6. Ukiongeza moto ili yatoke, unakaribia joto ambalo fuwele huanza kuzaliwa. Nilibaki chini ya nyuzi 500 za Selsiasi na kukubali kwamba mabaki kidogo ya maji ni afadhali kuliko fuwele zisizotakiwa.

Baada ya hapo kila fungu liliingia tanurini katika joto lake na kwa muda wake, kwenye eneo la karibu kelvini 1000, yaani nyuzi 730 hivi za Selsiasi, ambako mageuzi huwa ya polepole kiasi cha kufuatilika. Sehemu hii ilinipa furaha kuliko nyingine zote. Kilima kipana cha mikrometa 9.7 kilianza kuota bega karibu na 11.2, bega likawa kilele, kisha vikafuata vingine karibu na 10.1, 11.9, 16.3, 19.5 na 23.6, hadi spektra nzima ikawa ya forsteriti. Mchepuo wa eksirei, kipimo kinachoonyesha jinsi atomu zilivyojipanga, ulithibitisha hali ya mwisho, ila kwa hatua za mwanzo, wakati fuwele zilikuwa chache na ndogo, niliiamini infraredi zaidi.

Kupima kwenyewe kulifuata desturi. Nilisaga unga katika kinu cha akiki, nikautia ndani ya kimiminika na kuuacha utuame ili nichukue chembe ndogo kuliko mikrometa 1 pekee, kwa kuwa chembe kubwa hutawanya nuru na kupindisha umbo la vilele. Kiasi kisichofika miligramu 1 nilikichanganya na takribani miligramu 200 za bromidi ya potasiamu, chumvi inayopitisha infraredi, iliyokaushwa vizuri, nikakandamiza kidonge chenye upana wa milimita 13. Kidonge kitupu kilitumika kama kilinganishi. Kigunduzi kilipozwa kwa nitrojeni kimiminika, na gesi kavu ya nitrojeni ilisukumwa ndani ya kifaa ili mvuke wa maji na dioksidi ya kaboni, ambayo hufyonza karibu na mikrometa 4.3 na 15, visijichore juu ya spektra yangu.

Tatizo la kweli lilikuwa kidonge chenyewe. Ndani ya bromidi ya potasiamu nuru hupungua mwendo kwa karibu mara 1.5 kuliko katika ombwe, na chembe iliyozungukwa na chumvi hiyo hufyonza kwenye urefu wa wimbi uliosogea kidogo kuelekea upande mrefu. Vumbi la anga halijazungukwa na chumvi yoyote. Msogeo huo ni wa sehemu ya kumi ya mikrometa hivi, na ningeupuuza kama chuma isingekuwa na tabia ileile: kadiri chuma inavyochukua nafasi ya magnesi katika olivini, jamii ya madini ambayo forsteriti ni mwanachama wake asiye na chuma, ndivyo kilele cha 11.2 kinavyosogea upande huohuo. Anayelinganisha spektra ya kidonge na ya darubini anaweza kukosea kiasi cha chuma kwa sababu ya chumvi tu.

Dawa niliyoipata ilikuwa kupima unga uleule ukiwa unaelea katika nitrojeni, ndani ya chumba ambamo nuru hurudishwa na vioo mara nyingi. Kilele kilirudi upande mfupi, kama ilivyotarajiwa, lakini si kwa kiasi kimoja kwa kila unga. Picha za hadubini ya elektroni zilieleza sababu: unga uliosagwa ulikuwa na chembe zenye kingo kali, na ule uliotoka tanurini bila kusagwa ulikuwa wa mviringo zaidi, nao kilele chake kilikuwa kwenye wimbi fupi zaidi. Hesabu za ufyonzaji kwa maumbo mbalimbali zilikubaliana na mwelekeo huo. Tangu hapo sitoi tamko lolote kuhusu chuma kwa kutegemea kilele cha 11.2 peke yake.

Kwa suala la chuma nimehamia kwenye kilele cha mikrometa 69, ambacho hakiathiriwi sana na umbo la chembe kama kile cha 11.2, na ambacho darubini ya Herschel, iliyorushwa mwaka 2009, ilikipima katika diski za gesi na vumbi zinazozizunguka nyota changa. Huko bromidi ya potasiamu haipitishi nuru, hivyo vidonge hutengenezwa kwa polithini, na kwa kuwa kilele hicho huwa chembamba na kusogea upande mfupi kadiri baridi inavyozidi, sampuli hupimwa ikiwa imepozwa kwa heliamu. Kila spektra ninayoitoa sasa huambatana na picha ya unga wake, halijoto ya kipimo na jina la kitu kilichouzunguka.