Nilivyotengeneza katuni ya majirani wa ghorofa, hapa Mtwara

Filamu yangu ni ya dakika nne, na karibu yote inatokea kwenye ngazi. Bibi wa ghorofa ya tatu anapandisha ndoo ya maji. Kila anapoitua apumzike, mlango mmoja unafunguka na jirani mmoja anachungulia. Nimeitengeneza Shangani, kwa simu, maboksi na karatasi ngumu.

Nilianza na sauti kabla ya picha, na ningemshauri yeyote aanze hivyo. Watu wa ghorofa tunajuana kwa masikio: mbuzi ya nazi inakwaruza huko chini, mtoto anasoma juzuu, kandambili za kijana anayerudi zamu ya usiku bandarini msimu wa korosho. Sauti ya bibi aliitoa jirani yangu mwenyewe.

"Mjukuu wangu, hapa nimechoka au najikaza?"

"Unajikaza, bibi."

Akajikaza. Pumzi yake ile ndiyo iliyonipa mwendo wa filamu nzima.

Sinema za kawaida huenda picha 24 kwa sekunde. Mimi nilipiga 12, na hata hivyo dakika nne ni picha 2,880. Unasogeza mkono wa mhusika kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Ndoo ionekane nzito, mguu unaopanda niliupa picha nyingi na unaotua chache. Maji yanayomwagika ni nailoni nyembamba niliyoikunja upya kwa kila picha. Kipande kifupi tu kilikula usiku mzima, lakini ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Midomo ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kila mhusika nilimkatia midomo mitano, ya a, e, i, o na u, pamoja na mmoja uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p. Inatosha kabisa.

Mwanga ndio ulionitoa jasho. Wingu likipita, picha hubadilika rangi, na ukizichezesha zinapepesa. Nikaziba madirisha, nikawa napiga usiku kwa taa za sola, maana umeme ukikatika katikati ya tukio kazi imelala. Mwangaza na fokasi za simu nikazifunga zisijirekebishe zenyewe. Kuunganisha picha nilitumia Blender, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure.

Tuliitazama uani, kwenye shuka jeupe, kwa projekta ya kukodi. Mbuzi ya nazi ilipoanza kukwaruza, wote wakamgeukia mama wa chini. Alicheka hadi akajifunika mtandio. Bibi akataka sehemu yake irudiwe, tukairudia. Kijana wa bandarini yeye alitaka kujua mbona mlango wake umefunguka mwishoni kabisa, wakati ile ndoo angeibeba yeye tangu ngazi ya kwanza.