Bao la Tatu Sikuliona

Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019 baba alishuka Ubungo saa nne asubuhi akitokea Morogoro, amevaa jezi ya bluu ya Taifa Stars iliyompwaya mabegani. Alikuwa hajakanyaga uwanja wa mpira tangu 2004. Sababu tuliijua sisi wawili, na hatukuwahi kuizungumza.

Nimecheza beki wa kati miaka tisa, minne kati ya hiyo nikilipwa mshahara. Mwaka ule wa 2004 timu yetu ilihitaji sare tu, tena nyumbani, ili isishuke daraja. Dakika za mwisho, hatujafungana, tukapata kona. Beki mwenzangu, namba tano, alishapanda. Kocha aliniita nibaki. Nilimsikia vizuri kabisa, nikapanda. Niliutaka ule mpira. Kipa wao akaudaka, akaurusha mbele palepale, na mshambuliaji wao akakimbia nusu ya uwanja bila mtu wa kumgusa. Tulishuka daraja. Baba alikuwa jukwaani. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma.

Toka hapo nautazama mpira kwa namna yangu. Timu yangu ikishambulia, macho yanarudi nyuma yenyewe, kuhesabu nani kabaki na nani anamwangalia nani.

Saa tisa tulikuwa tumeshakaa jukwaa la mzunguko, Uwanja wa Taifa, ambao siku hizi ni wa Benjamin Mkapa. Watu walikuwa wengi hata ngazi hazipitiki. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi kutafuta kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, na hesabu ya siku hiyo ilimkaa kila mtu kichwani: sisi pointi 5, Lesotho pointi 5. Lesotho walitufunga 1-0 kwao Maseru Novemba, na hapa Dar, Chamazi, tulitoka nao 1-1, kwa hiyo tukilingana nao pointi, wao wanakwenda. Uganda walishafuzu. Sisi tuifunge Uganda, na Lesotho wasishinde kule Praia dhidi ya Cape Verde. Kijana aliyekaa mbele yetu alishika simu mbili, moja ya kufuatilia Praia, nyingine ya akiba chaji ikiisha.

Baba alikuwa anaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinirudisha 1979, bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, lililotupeleka AFCON, halafu fainali zenyewe Lagos 1980, jinsi walivyojazana kwenye redio moja ya mbao hapo karakana ya reli. Ila mfungaji hakumsimulia sana. Aliyemsimulia ni Jella Mtagwa, aliyemsimulia ni Leodegar Tenga, mabeki wa kati.

"Sentahafu wale, mwanangu. Mpira wa juu unakuja, mtu katulia."

Alivyosema hivyo hakunitazama. Nami nilitazama mbele.

Simon Msuva alifunga dakika ya 21, na uwanja mzima ukasimama. Nililia bila aibu. Baba alinishika mkono, hakuuachia mpaka mapumziko. Kipindi cha pili kimeanza tu, tukapata penalti. Aliyeuweka mpira chini ni Erasto Nyoni, na hapo moyo wangu ukatulia kidogo, kwa sababu namjua tangu 2007 alipoifunga Burkina Faso kwao Ouagadougou. Miaka 12 ndani ya timu ya taifa, leo kulia, kesho katikati, keshokutwa kiungo, popote kocha anapomweka. Beki wa namna hiyo watu humtaja mwishomwisho wanapohesabu kikosi, na mimi naona humnyima haki yake. Akapiga. 2-0.

Baada ya hapo, dakika ya 57, Aggrey Morris alikuwa amepanda. Nilimwona akivuka katikati, beki wa kati, mtu mzima, anakwenda kwenye lango la Uganda, na tumbo langu likakaza kama la 2004. Macho yakarudi nyuma. Niliitazama ile nafasi aliyoiacha, majani matupu, nikawatafuta waliobaki, nikamtazama kipa wetu Aishi Manula amesogea hadi nje ya eneo lake la kumi na nane. Nilikuwa bado nawahesabu pale uwanja ulipolipuka. Sauti ile niliisikia kwenye mbavu. Nilipogeuka, Aggrey alikuwa ameshafukiwa na wenzake.

3-0, na mabao mawili kati ya hayo yamefungwa na mabeki.

Kilichobaki kilikuwa Praia. Watu hawakuangalia tena mbele, waliangalia migongo ya wenye simu. Kijana wetu alikuwa anatangaza kila baada ya muda: "Bado sifuri sifuri! Bado!" Na ikaisha hivyohivyo, 0-0. Tumefuzu, miaka 39 tangu Lagos. Mzee mmoja nisiyemjua alinikumbatia akanilowesha shati kwa machozi.

Tulitoka kwa miguu kuelekea Temeke, kwa sababu daladala hazikuwa na pa kupita. Kwenye banda la chipsi walikuwa wanarudia mabao kwenye runinga, watu wamejaa hadi barabarani, nasi tulikuwa nyuma sana, hatuoni kitu. Baba alinivuta pembeni.

"La Aggrey umelionaje?"

"Sikuliona, baba."

Alinyamaza. Nikadhani atacheka, au ataniuliza macho yalikuwa wapi. Akaokota vizibo vya soda chini ya meza, akanipa kiganjani.

"Nipangie basi. Nyuma walibaki akina nani?"

Nikachuchumaa pale kando ya barabara, nikaanza kupanga, na baba akachuchumaa nami, polepole, kwa ajili ya magoti yake. Nilipomaliza alisogeza kizibo kimoja nyuma kidogo, akanitazama usoni.

"Hapa?"

"Hapo hapo, baba."